Mama anajibu "tatu" kila wiki, lakini usiku halali

*"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61. Ana saratani ya matiti iliyokwenda kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Alimaliza mionzi mwaka jana, sasa yuko kijijini na dada yangu, zaidi ya saa saba kwa basi kutoka hospitali anakotibiwa. Anatumia mofini ya maji. Muuguzi alituandikisha kwenye mfumo wa simu: kila Jumatatu na Alhamisi dada anapata ujumbe unaouliza maumivu ya mama ni namba ngapi, kuanzia 0 mpaka 10. Mama siku zote anasema tatu. Lakini dada anasema usiku anaugulia mpaka alfajiri, na wiki hizi mbili miguu inakufa ganzi akitaka kusimama. Juzi dada aliandika 8 bila kumuuliza mama, zikapita siku mbili hakuna aliyepiga simu. Mimi naona bora tuachane na huo mfumo tuwe tunampeleka hospitali kila mwezi, ingawa nauli ni kubwa na safari inamchosha sana. Kijana mmoja kazini ameniambia kuna programu ya akili mnemba inayotazama uso wa mgonjwa na kutaja kiwango cha maumivu. Je, hiyo si bora zaidi? Na kama kila tukisema anaumwa dozi inaongezwa, mama hatakuwa teja?"*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, na mfikishie dada yako pole ya pekee, maana yeye ndiye anayekesha.

Kabla ya maswali yako, nianze na jambo ulilolitaja katikati ya barua kana kwamba ni dogo: miguu inakufa ganzi akitaka kusimama. Mgonjwa ambaye saratani imeshafika kwenye pingili za mgongo akianza kupata ganzi miguuni, miguu kuishiwa nguvu, mkojo kugoma kutoka, au maumivu ya mgongo yanayozidi akilala chali au akikohoa, hiyo ni dharura. Pingili inaweza kuwa imebonyea, au uvimbe umekua ukaubana mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo. Ukibanwa kwa muda mrefu unakufa, na mguu uliokwisha kupooza ni nadra kurudi. Lakini mgonjwa anayeanza tiba akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Tiba yenyewe huanza na deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, ambayo hospitali ya wilaya inaweza kumpa wakati inapanga rufaa ya kwenda kwenye mionzi au upasuaji. Asafirishwe amelala, kwenye godoro lililonyooka, na asipakiwe bodaboda hata kwa kilomita mbili. Niliomba upigiwe simu siku ileile barua ilipofika, kwa hiyo unaposoma hapa nategemea mama ameshaonwa na daktari.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu ndani yake kuna nusu ya jibu lako. Mfumo uliuliza swali moja, maumivu ni ngapi, ukajibiwa moja: tatu. Haukuuliza miguu. Mfumo wa simu hubeba kile tu ulichoagizwa kubeba, kama mjumbe mwaminifu asiyeongeza neno lake. Hautibu na wala haupimi.

Ngoja nikueleze kinachotokea dada yako akibonyeza namba ile. Jibu linaingia kwenye jedwali lenye jina la mama na tarehe. Namba ikivuka kiwango kilichopangwa, tuseme 7, au ikiruka ghafla kutoka ya wiki iliyopita, jina linageuka jekundu na taarifa inakwenda kwenye simu au kompyuta ya muuguzi. Kazi ya mashine inaishia hapo. Kuanzia hapo inatakiwa mtu aione taarifa, apige simu, aulize maswali, abadilishe dozi au amwite mgonjwa. Kipande hicho cha pili kikikosekana, cha kwanza hakina faida hata chembe.

Kikiwepo, faida yake ni kubwa. Mwaka 2017 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanyika New York kwa wagonjwa 766 wa saratani iliyosambaa, waliokuwa kwenye dawa za kemo. Kundi moja liliandika dalili zake kwenye mtandao, dalili 12 kwa jumla, maumivu yakiwemo, na dalili ikizidi muuguzi alipata barua pepe palepale. Kundi la pili lilihudumiwa kama kawaida, mgonjwa anasema akija kliniki. Nusu ya kundi la kwanza waliishi zaidi ya miezi 31.2, ilhali kwa kundi la pili ilikuwa miezi 26.0. Hakukuwa na dawa mpya ndani yake. Watu walisikika mapema na wauguzi wakachukua hatua. Sikupi mfano huu ili utegemee miezi ileile kwa mama. Pale hospitali iko jirani, dawa zipo na simu hupokelewa.

Mfano wa karibu na sisi ni wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo pamoja na wenzao wa Marekani ilijaribu programu ya simu iitwayo mPalliative Care Link. Wagonjwa wa saratani waliokwisha kurudi makwao waliulizwa dalili zao mara mbili kwa wiki, na lengo lilikuwa kumuunganisha mtaalamu wa taasisi na mhudumu wa afya aliye karibu na mgonjwa. Kundi jingine lilikuwa linapigiwa simu tu, la kuzungumza na mtu. Dalili zilipungua kwa muda kwenye makundi yote mawili. Mimi nasoma hapo kwamba kinachomtuliza mgonjwa ni kufuatiliwa. Iwe kwa programu au kwa sauti ya muuguzi, muhimu uzi usikatike.

Kwenu uzi ulikatika juzi. Namba 8 ilifika, siku mbili zikapita. Una haki ya kukasirika, lakini usiishie kwenye hasira. Mpigie muuguzi aliyewaandikisha umuulize mambo matatu. Ni nani anayesoma majibu? Anayasoma saa ngapi, na Jumamosi na Jumapili je? Na huyo anayesoma ana mamlaka ya kubadilisha dozi, au lazima amtafute daktari kwanza? Hilo la tatu watu huwa hawaliulizi, na ndilo linalokwamisha mengi. Uganda ilibadilisha sheria mwaka 2004 ili wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso, waruhusiwe kuandika mofini, na hapo mgonjwa wa kijijini aliona tofauti, maana aliyemsikia ndiye aliyempa dawa. Sisi mara nyingi muuguzi anaona jina jekundu saa 3 asubuhi, daktari yuko wodini hadi mchana, na siku inakwisha. Ukijua mahali unapokwama, utajua pa kusukuma: omba namba ya moja kwa moja ya daktari wa zamu, au uambiwe wazi kwamba namba ikifika 7 msisubiri, mpige.

Sasa hiyo "tatu" ya mama.

Niliwahi kuwa na mzee mmoja kwenye mfumo kama wenu, aliyejibu 2 wiki baada ya wiki. Kwenye jedwali letu alikuwa mgonjwa aliyetulia kuliko wote. Nilipomtembelea kwake nilimkuta kwenye kiti cha mbao, mito miwili mgongoni, na mkewe akaniambia ni mwezi sasa hajalala kitandani kwa sababu hawezi kulala ubavu. Nilimuuliza kwa nini anaandika 2. Akanijibu kwa unyenyekevu kabisa: "Si mnauliza nimekunywa dawa mara ngapi?" Mwezi mzima tulikuwa tunahesabu vijiko, tukidhani tunahesabu maumivu. Tangu siku ile simwandikishi mtu kabla hajanieleza kwa maneno yake mwenyewe swali linauliza nini.

Mama yako huenda amelielewa swali vizuri, ila ana sababu zake. Wamama wa rika lake wengi huona kusema "naumwa sana" ni kuwasumbua watoto, au kumnung'unikia Mungu, na wengine huogopa kwamba namba kubwa maana yake ugonjwa umesogea. Kuna wanaohofia mkisikia 8 mtauza kitu ili kupata nauli. Kwa hiyo usimbane kwa namba. Muulize mambo ya mwili na ya siku: Jana usiku uliamka mara ngapi? Uliweza kukaa mkekani ukala nasi? Ukigeuka kitandani inakuaje? Majibu hayo hayamwaibishi, na yananiambia mengi kuliko tarakimu.

Kama namba zinampa tabu, tumieni mkono. Kwenye kipimo cha APCA, jumuiya ya tiba shufaa ya Afrika yenye makao yake Kampala, maumivu hupimwa 0 mpaka 5, na mgonjwa anaweza kuonyesha kwa vidole: ngumi ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, mkono wote ukiwa wazi ni maumivu makali kabisa. Nimeona bibi aliyekataa katakata kutaja namba akaufungua mkono wote polepole, kisha akageuza uso ukutani. Ila mkiuzoea mkono, mwambieni muuguzi kwamba mnahesabu mpaka 5, asije akadhani 5 yenu ni ya kati.

Na dada yako asiandike namba kwa niaba ya mama bila kusema. Anayeuguza mara nyingi huyaona maumivu makubwa kuliko anavyoyaona mgonjwa mwenyewe, na mgonjwa anayeficha huyataja madogo. Zote mbili zinatusaidia, alimradi tujue ipi ni ya nani. Aandike hivi: "Mama anasema 3. Mimi naona 8, halali."

Namba moja kwa mgonjwa wa mifupa haitoshi hata akisema kweli. Seli za saratani zikiingia kwenye mfupa huziamsha seli zinazoumung'unya mfupa, na ule utando wa juu wenye mishipa mingi ya fahamu unavutwa na kukereka. Ndiyo maana mgonjwa akitulia anaweza kuwa 3 ya kweli, akigeuka inaruka hadi 8, akitulia tena inashuka. Mama huenda hadanganyi. Anaulizwa mchana amekaa. Chukueni namba tatu: akitulia, akijigeuza, na usiku ilipokuwa mbaya zaidi. Halafu ongezeni neno moja la namna yanavyouma. Maumivu yanayogonga au kukandamiza ni ya mfupa wenyewe. Yanayochoma kama moto, au kupiga kama shoti ya umeme yakishuka mguuni, ni ya mshipa wa fahamu, na hayo huhitaji dawa nyingine ya kuisaidia mofini, kama amitriptilini. Kama mfumo unapokea tarakimu tu, dada yako arekodi sauti fupi amtumie muuguzi.

Kuhusu usiku nina swali langu kwenu: dada anampa mofini saa ngapi? Nauliza kwa sababu naliona kosa hili kila mwezi. Mofini ya maji huanza kufanya kazi baada ya karibu nusu saa na nguvu yake huisha baada ya saa 4 hivi. Watu tumezoea dawa za kutwa mara tatu, kwa hiyo mgonjwa anapewa baada ya chai, baada ya chakula cha mchana na baada ya chakula cha usiku. Ya mwisho akiinywa saa 2 usiku na inayofuata saa 1 asubuhi, ni saa 11 kati yake. Ikifika saa 6 usiku dawa imekwisha mwilini na alfajiri bado mbali. Utaratibu unaopendekezwa ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Ile ya saa 4 usiku daktari huweza kuagiza iwe maradufu ili mgonjwa apitilize mpaka asubuhi. Msiiongeze wenyewe, mwulizeni aliyeandika dawa. Huenda shida nzima ya usiku ikaisha hapo. Kwa saa hizi hata simu ndogo ya kitochi inatosha: wekeni kengele tano. Katika teknolojia yote inayozungumzwa, kengele hizo tano ndizo ninazozithamini kuliko zote.

Nunueni na daftari la mistari, la kawaida kabisa. Kila maumivu yakiibuka kabla ya saa ya dozi inayofuata, anapewa dozi ya ziada aliyoandikiwa, na dada anaandika mstari mmoja. Kwa mfano: "Jumanne, saa 9 usiku, 8, dozi ya ziada. Saa 9 na nusu, 4." Mstari huo unanionyesha kwamba dawa inafanya kazi ila haitoshi. Mistari kama hiyo ikizidi mitatu kwa siku, dozi ya kawaida inatakiwa ipandishwe. Daftari likipigwa picha likatumwa, daktari aliye mbali ana kitu cha kufanyia uamuzi.

Na uteja? Hofu hiyo naiheshimu, maana kila mtu mjini ameshawaona mateja. Lakini tutenganishe mambo. Teja anaitafuta dawa hata inapomharibia maisha. Mgonjwa wa saratani anainywa ili aweze kukaa, kula na kulala, yaani inamrudishia maisha. Mwili wake utaizoea, ndiyo, na ndiyo sababu haiachwi ghafla. Ikibidi kupunguza, hupunguzwa kidogo kidogo. Kuizoea hivyo si uteja. Dozi ikipanda, mara nyingi ni kwa sababu ugonjwa umesogea au dozi ya mwanzo ilikuwa ndogo mno. Mofini haina kikomo kimoja kwa wote. Kikomo ni pale maumivu yanapotulia bila madhara makubwa. Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo hupungua, na kichefuchefu pia. Kisichopungua ni kufunga choo. Kama hakuandikiwa dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili, iulizieni leo, kwa sababu wapo wanaoiacha mofini kwa ajili ya tumbo tu.

Dalili za dozi kuzidi mzijue: usingizi mzito asioamshika vizuri, kupumua taratibu mno, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano. Na kama mkojo umepungua sana, figo zinaweza kuwa hazitoi dawa ipasavyo, ikajikusanya mwilini. Hayo ni ya kukimbilia hospitali. Vilevile homa kama yuko kwenye kemo, kutapika mpaka dawa haikai, kuchanganyikiwa pamoja na kiu kali, au maumivu makali ya ghafla ya nyonga baada ya kujikwaa, maana mfupa unaweza kuwa umevunjika. Lolote kati ya hayo likitokea Jumanne lisingoje ujumbe wa Alhamisi.

Programu ya kutazama uso? Zipo, na baadhi zilitengenezwa kwa nia njema, kwa wazee waliopoteza kumbukumbu wasioweza kusema wanaumwa wapi. Mama yako anasema. Tena mtu aliyeumwa kwa miezi mingi hujifunza kuutuliza uso wake, kwa hiyo kamera inaweza kuona utulivu pale ambapo dada yako, anayelala chumba kimoja naye, anasikia kilio. Sioni sababu ya kuitumia kwenu. Na video ya mama akiwa kitandani, ikishapakiwa, hamjui inakaa wapi. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022; mna haki ya kuuliza hata hospitali yenyewe nani anaona majibu ya mama. Picha za kidonda zisipite kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Zitumwe kwa muuguzi peke yake, kisha zifutwe.

Kuhusu kumpeleka kila mwezi, nakushauri msiuache mfumo, na pia msiutegemee peke yake. Saa saba za basi kwa mgongo ule ni mateso, na safari ya kuulizwa tu "unaendeleaje" haistahili mateso hayo. Lakini kuna mambo ambayo simu haiwezi: kupima nguvu za miguu, kupiga picha ya mgongo, na mionzi. Mfupa mmoja unaouma sana mara nyingi hutulizwa kwa mionzi ya siku moja tu, grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi), na kwa kutuliza maumivu matokeo yake yanalingana na ile ya siku nyingi. Muulize daktari kuhusu hilo safari hii anapoonwa kwa ajili ya ganzi. Mionzi aliyokwisha kupata haimaanishi hawezi kupata tena. Ziara nyingine zifanyike hospitali ya wilaya, na muuguzi wa kule mbali azungumze na daktari wa hapo kwa simu mbele yenu. Mkishapata tarehe ya kuchukua mofini, pigeni siku tatu kabla kuhakikisha ipo. Na siku ya safari, apewe dozi ya ziada nusu saa kabla ya kuinuliwa kitandani.

Alhamisi dada yako akipata ule ujumbe, ajibu namba kama kawaida, halafu atume na huu kwa muuguzi, akibadilisha kulingana na hali: "Akitulia 3. Akigeuka 7. Usiku 8. Inachoma ikishuka mguu wa kushoto. Mofini anakunywa mara 5. Dozi za ziada jana 4. Choo siku ya tatu hajapata. Mkojo unatoka. Anasimama mwenyewe, ganzi ipo." Kama mpaka saa 8 mchana hajapigiwa, apige yeye, na asipopokelewa, upige wewe.